Mkaja wa Mama Nakundwa

Mtu mmoja alikuwa na mke aliyempenda, na alikuwa amemlipia mahari yote isipokuwa kitambaa kimoja.

Nawaambieni habari zake leo kwa sababu nimewasikia. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi pale nje nikingoja kikao cha chama kianze, nanyi mkashindana ni nani kati yenu aliwahi kulipa malipo yaliyomuuma kuliko yote. Mmoja akasema alilipa faini ya mbuzi aliyekula mahindi ya jirani, na alipokwisha kulipa akagundua kwamba mbuzi mwenyewe hakuwa wake. Mwingine alilipa umeme wa nyumba nzima ya wapangaji, naye ana taa moja na redio. Dada mmoja, sitamtaja, alimlipa mtu amtolee simu chooni. Simu ikatoka, ikaoshwa, ikakataa kuwaka. Tukacheka wote. Kisha mwenzetu mmoja akasema alilipa hospitali siku kumi na nane, akarudi nyumbani na shuka tu, na hapo tukaacha kucheka. Huyo namwambia pole tena mbele yenu, na katika shindano hili simwingizi. Ninyi wengine nawapenda, lakini malipo yenu ni madogo. Mlilipa wenyewe, kwa mikono yenu, mkajua mnalipia nini. Huyu ninayewaambia habari zake hakuipata hata nafuu hiyo.

Jina lake lilikuwa Mbonea, mchoma matofali. Alikuwa kijana mwenye mikono mikubwa na maneno machache, na watu wa namna hiyo mnawajua, akipenda amependa. Alipompata Nakundwa, wazee wa kwao binti wakamwandikia mahari: ng'ombe watatu, mbuzi wanne, blanketi la babu, jembe la mjomba, na mkaja wa mama. Wanawake hapa mnaujua mkaja. Wanaume niacheni niwaeleze, maana ninyi habari mnazozijua ni za ng'ombe. Mwanamke akishajifungua, tumbo hubaki limelegea pamoja na maumivu yake, naye hujifunga kitambaa ili lirudi. Hicho ndicho mkaja. Basi anayekuja kuoa humletea mama mkwe kitambaa kipya, akamkabidhi kwa mikono miwili, maana yake, najua kwamba huyu ninayemchukua alikuuma. Bei yake haizidi kuku mmoja. Hakuna kilicho rahisi kuliko hicho katika orodha nzima, na ndiyo sababu huandikwa mwisho.

Kitambaa chenyewe alikichagua Nakundwa siku ya gulio, cha manjano chenye maua ya bluu, akaenda kumnong'oneza mama yake rangi yake kabla hakijafika. Hakuweza kujizuia. Alijua mama yake anapenda manjano.

Siku ya kupeleka mahari, Mbonea na mshenga wake na ndugu zake wawili waliupanda mlima tangu asubuhi, ng'ombe mbele na mbuzi nyuma. Walipofika kwenye kijito, kamba ya mbuzi mmoja ikakatika. Wanaume wanne wazima walimkimbiza mbuzi yule mpaka kwenye migomba ya watu, na walipomkamata hawakuwa na kitu cha kumfungia. Mshenga akatia mkono kikapuni, akatoa kile kitambaa cha manjano, akakisokota, akamfunga mbuzi shingoni. Akasema watakifungua wakifika. Lakini walipofika, wazee walikuwa wamekwisha kujipanga uani kuhesabu, na mbuzi akaingia zizini mbele ya macho ya wote akiwa na kitambaa shingoni, pembe moja ya kitambaa ameshaitafuna. Mbuzi walihesabiwa, wakatimia. Blanketi likakunjuliwa, jembe likagongwa kwa kidole. Ilipoitwa zamu ya mkaja, mshenga alikohoa, akasema, "Mkaja utakuja."

Mama yake Nakundwa alikuwa jikoni akiwapikia wageni haohao. Jiko lile lilikuwa la fito na udongo, kila neno lilipenya. Hakusema kitu, kwa sababu mkaja hauombwi na yule anayestahili kuupokea. Aliendelea kukoroga, chakula kikapakuliwa, wageni wakala wakashiba wakamsifu mpishi.

Mbonea hakuwa mtu mbaya. Nataka mliweke hili moyoni, maana ningekuwa nawasimulia habari za mtu mbaya mngelala usingizi. Mwaka wa kwanza alikuwa na sababu, mke alikuwa mjamzito. Mwaka wa pili mvua iliangusha tanuri lake na matofali elfu sita yakarudi kuwa tope. Mwaka wa tatu alipaua nyumba yake kwa bati. Baada ya hapo sababu zilikwisha, mazoea yakabaki. Alimtumia mama mkwe sukari kila Krismasi. Alimjengea jiko jipya la matofali yake mwenyewe, zuri, lenye bomba la moshi. Alimnunulia miwani. Kila alipotoa kimojawapo, alijiambia moyoni kwamba mkaja umo humo ndani. Nakundwa alimkumbusha mwaka wa kwanza, akamkumbusha mwaka wa pili, akamkumbusha kwa utani mwaka wa tatu. Mwaka wa nne akaacha, na Mbonea akafurahi kwamba jambo lile limekwisha.

Walizaa watoto wanne. Kila Nakundwa alipojifungua, aliyemkanda kwa maji ya moto na kumfunga tumbo alikuwa jirani, mwanamke mmoja mjane anayeitwa Mama Eliakimu. Mbonea alijiuliza mara moja mbona mama mkwe hatokei kama akina mama wengine wanavyotokea na mabegi yao, wakakaa mwezi mzima wakiamrisha watu. Alimuuliza mkewe. Nakundwa akajibu kwamba mama ana shughuli za shamba, na mlima unamchosha. Jibu hilo lilimtosha Mbonea, akarudi kwenye matofali yake.

Miaka ishirini na mitatu ikapita hivyo. Binti yao mkubwa akapata mchumba, kijana wa watu, mwalimu, na Jumamosi moja washenga wakaja na soda na maneno yao mazuri. Mbonea alikuwa amevaa koti. Alikuwa amempenda kijana yule, na binti alikuwa ndani akisikiliza nyuma ya pazia, roho mkononi. Mazungumzo yalipofika kwenye kupokea mahari, mjomba wa binti, kaka yake Nakundwa, akasimama. Hakuwa na hasira. Alisema kwa sauti ya chini kwamba anamheshimu shemeji yake, lakini mahari ya dada yake haijaisha, na desturi ni moja, asiyemaliza kutoa hapokei. Washenga wakatazamana. Wakaomba kwa adabu warudi baada ya Jumamosi mbili, na kama jambo litakuwa bado halijatengenezwa, watajua kwamba nyumba ile haiko tayari. Wakaondoka, chupa za soda zikabaki nusu mezani. Binti akalia.

Hapo ndipo Mbonea alipoanza kuumia, lakini aliumia mahali pasipostahili. Aliumia mfuko. Wazee walimwambia kwamba mkaja uliochelewa hivyo hauendi peke yake, lazima uende na kitu cha kuusindikiza. Akauza tanuri zima la matofali kwa bei ya hasara. Akanunua vitenge sita vya bei kali, godoro nene, na mtamba mmoja wa ng'ombe. Njia nzima ya kupanda mlima alikuwa akimlalamikia mkewe kwamba hajawahi kulipa kitu kikamuuma hivi, kitambaa cha bei ya kuku leo kimemla ng'ombe. Nakundwa alikuwa amebeba godoro kichwani. Walipovuka kile kijito, alisimama kidogo akatazama migomba, kisha wakaendelea.

Mama mkwe walimkuta uani akipukuchua maharage. Alikuwa amekwisha kuzeeka, na miwani aliyonunuliwa na Mbonea ilikuwa imefungwa kwa uzi sikio moja. Alifurahi kweli. Alimpenda mkwewe huyu, na hata hilo sitaki mlisahau. Alimkalisha, akampa maji, akamuuliza habari za tanuri. Kisha Mbonea akaweka vitu vyote mbele yake, akaeleza kwa maneno yake machache kilichomleta. Bibi akavigusa vitenge kimoja kimoja. Akasema ni vizuri. Akamtazama mtamba akasema ni mzuri. Akavisogeza vitenge taratibu vikarudi upande wa Mbonea.

Mbonea aliingiwa na hofu. Akakumbuka Jumamosi mbili, akamkumbuka binti yake. Akasema, "Mama, kama havitoshi niambie. Na kama ulikuwa na neno nami, mbona hukusema? Miaka yote hii hata nyumbani kwangu hukuwahi kuja."

Bibi alimgeukia binti yake. "Nakundwa, hukumwambia?"

"Ningemwambiaje, mama? Angeona aibu."

Basi akaambiwa siku ile. Watu wale walikuwa na desturi moja ambayo wanaume hawakuijua, kwa sababu haikuhusu ng'ombe. Mama ambaye mkaja wa binti yake haujatolewa haruhusiwi kukanyaga kizingiti cha nyumba ya binti huyo. Hamkandi akijifungua. Hamfungi tumbo. Nakundwa alilijua hilo tangu mimba ya kwanza, na kwa miaka ishirini na mitatu alimficha mumewe, ili mumewe aendelee kutembea kichwa juu mbele ya watu. Na mama naye hakukaa tu mlimani. Kila alipopata habari kwamba Nakundwa amejifungua, alichinja kuku, akampika na pilipili manga, akafunika chungu kwa jani la mgomba, akashuka nacho kichwani mwendo wa saa tatu hadi kwenye kona iliyo chini ya tanuri la Mbonea. Hapo alimkabidhi Mama Eliakimu kile chungu. Alikaa chini ya kivuli cha rundo la matofali, akasubiri aletewe jibu kwamba mtoto ananyonya, kisha akaupanda mlima kurudi kwake. Alifanya hivyo mara nne.

Mbonea aliukumbuka ule mchuzi. Alikuwa ameunywa. Mara zote nne alikuwa amekula na paja la kuku, akatuma mtu apeleke shukrani kwa Mama Eliakimu kwa ukarimu wake. Akakumbuka pia kwamba mara moja, alipokuwa juu ya tanuri akipanga matofali, aliona kwa mbali mwanamke amekaa chini ya rundo, akadhani ni mpita njia anayepumzika. Hata salamu hakumpa. Alipofika hapo katika kukumbuka, alilia mbele ya mkewe na mama mkwe wake bila kujificha. Alikuwa amewahi kulipa faini na ada na hospitali na mafundi wezi, na malipo yote hayo yalimuuma yakapita. Haya hayakuwa na pa kupitia. Deni lilikuwa lake, na waliolilipa walikuwa hawa wawili, kidogo kidogo, miaka ishirini na mitatu, naye hakuwa na namna ya kuwarudishia hata siku moja.

"Sasa nitalipa nini, mama?" akauliza.

Bibi aliinuka akaingia ndani. Walimsikia akifungua sanduku. Aliporudi alikuwa ameshika kitambaa cha manjano chenye maua ya bluu, kimefuliwa, kimekunjwa, kimepauka kidogo kwenye mikunjo, na pembe yake moja imetafunwa. Alikuwa amekifungua shingoni mwa mbuzi jioni ya siku ileile ya mahari, akakiosha, akakianika, akangoja mtu aje amwambie kwamba hiki ni chako. Hakuna aliyekuja. Akakiweka mapajani mwa Mbonea, akasema:

"Kitambaa ninacho, mwanangu. Nilichokosa ni mkono wako."

Mbonea akapiga magoti kwenye maganda ya maharage. Akakichukua kile kitambaa kwa mikono miwili, akakitoa kwa mikono miwili. Maneno yake yalikuwa machache kama kawaida yake. Alisema, "Pokea, mama. Alikuuma, nami sikusema asante." Bibi akapokea. Akakifunga palepale kiunoni juu ya gauni lake, ingawa tumbo lile lilikuwa limekwisha kujifunga lenyewe miaka mingi iliyopita, akarudi kukaa kwenye maharage yake. Mtamba alimrudisha, vitenge alimpa Nakundwa awagawie wasichana. Godoro alibaki nalo. Alikuwa mtu mwema, lakini mgongo wake nao ulikuwa na miaka yake.

Ilipofika Jumamosi ya pili, aliteremka mlimani kwa miguu, akakataa kubebwa kwa pikipiki. Alifika kwenye ile kona iliyo chini ya tanuri, akasimama kwa mazoea. Mbonea alikuwa akimngoja hapo. Akamshika mkono wakaenda pamoja hadi mlangoni. Bibi aliweka mguu mmoja ndani, akautazama, akauvuta na wa pili. Washenga walikuwa wamekwisha kufika na koti la Mbonea lilikuwa limepigwa pasi, lakini bibi hakuwauliza habari zao. Alimwita Nakundwa chumbani, akaamuru maji ya moto. Akamkanda binti yake, mwanamke wa miaka arobaini na minne mwenye mvi mbili tatu, kama anavyokandwa aliyejifungua jana. Kisha akakifungua kile kitambaa cha manjano kiunoni mwake, akamfunga Nakundwa tumboni. Akafungua, akafunga tena. Alimfunga mara nne, na kila mara alitaja jina la mtoto. Mama Eliakimu aliyekuwa ameshika beseni hakujua acheke au alie, akafanya yote mawili. Wanaume uani walisikia vicheko na vilio vya wanawake wakauliza kuna nini. Mbonea akawaambia wangoje, kuna malipo yanapokelewa huko ndani, na ya kwao yatafuata.

Yule binti aliolewa. Nasikia siku ya mahari yake, kabla ya ng'ombe kuonekana, kijana mwalimu aliingia kwanza na kitambaa, amekishika kwa mikono miwili, na hakuna aliyekuwa amemfundisha isipokuwa baba mkwe wake.

Mimi sina zaidi. Mkitoka hapa mnaweza kurudi kwenye benchi lenu kumalizia shindano, na yule wa simu ya chooni nadhani atashinda. Lakini kabla hamjahesabu mlichowahi kulipa ninyi, kila mmoja anijibu hili moyoni mwake: nyumbani kwako, ni nani anayelilipa deni lako kimyakimya, na mchuzi unaunywa wewe?